Punda mtoto, wa makamo au mzee: soma seli nyeupe kwa umri kabla hujatoa pesa

Watu wengi hapa Lamu wakinunua punda wanaangalia meno, kwato na mgongo, na hilo ni sawa kabisa, lakini sa hii kuna wengine, haswa wale wanaochukua punda wawili watatu kwa pamoja kwa kazi ya mchanga na simiti, wanamwomba daktari wa mifugo atoe damu kwanza. Wazo zuri sana. Shida inakuja karatasi ikirudi kutoka maabara, mtu anaangalia mstari mmoja tu, ule wa jumla ya seli nyeupe, akiona 9 anasema huyu mzima, akiona 13 anasema huyu mgonjwa, basi ashaamua. Ndo maana nimeona niandike hii, manake namba ileile kwa mtoto wa siku moja, kwa punda wa miaka 7 na kwa mzee wa miaka 25 si kitu kimoja hata kidogo, na ukiwasoma wote kwa kipimo kimoja unaweza kumkataa mzima ukamchukua mgonjwa.

Hebu tuweke karatasi tatu mezani. Ni mfano wa kuelezea tu lakini ndo mambo yanavyokuwa. Zote tatu zimeandikwa 9.0, yaani seli nyeupe 9,000 kwa kila maikrolita moja ya damu, maabara hufupisha elfu wakaandika 9.0 kwa hivyo usihangaike na vile vialama vinavyofuata. Ya kwanza ya mtoto aliyezaliwa jana: neutrofili 6,800, limfosaiti 1,800, zilizobaki ni mchanganyiko. Ya pili ya punda wa miaka 7: neutrofili 3,800, limfosaiti 4,600. Ya tatu ya mzee wa miaka 25: neutrofili 7,000, limfosaiti 1,400. Jumla ni moja, sivyo? Sasa angalia ndani. Karatasi ya mtoto na ya mzee zinafanana sana, lakini mtoto yuko sawa kabisa na mzee ana jambo, na huyu wa katikati ambaye hafanani na wenzake ndo mzima wa kufanya kazi kesho asubuhi.

Kwa ufupi hizi seli ni nini. Neutrofili ni askari wa mbio, hutoka kwenye uboho wa mfupa, hukaa kwenye damu saa chache tu kisha huingia mwilini kula bakteria, kwa hivyo idadi yake inaweza kubadilika asubuhi na jioni. Limfosaiti ndo zenye kumbukumbu, zinatengeneza kingamwili na zinamkumbuka adui waliyekutana naye zamani, hizi zinaishi muda mrefu. Eosinofili ziko kidogo, watu huzihusisha na minyoo na mzio. Monosaiti na basofili ni chache zaidi na kwa mnunuzi wa punda wala sizioni kama za kupotezea usingizi.

Kabla ya umri kuna jambo moja ambalo linawakosesha watu wengi, nalo ni kwamba maabara nyingi zikiletewa damu ya punda huisoma kwa chati ya farasi, yaani orodha ya namba za kawaida za farasi, kwani wanaona ni walewale. Si walewale. Farasi mzima kwa kawaida huwa na seli nyeupe kati ya 5,000 na 12,000 hivi, na neutrofili ndo nyingi, mara moja na nusu ya limfosaiti au zaidi. Punda mzima anafika 15,000 akiwa hana tatizo lolote, na kwake limfosaiti mara nyingi ni nusu ya seli zote ama hata zaidi, neutrofili zikawa chini yake. Kwa hivyo punda wako akiwa na 13,500 chati ya farasi itapiga herufi ya H pembeni kwamba amezidi, muuzaji ataonekana mwongo, kumbe punda wa watu hana ila. Na kinyume chake ndo hatari zaidi, punda mwenye neutrofili asilimia 70 atapita kwa chati ya farasi bila alama yoyote, wakati kwa punda hiyo tayari imepanda, inataka kuulizwa. Jambo la kwanza kabisa basi, ukipewa karatasi uliza chati waliyotumia ni ya mnyama gani. Wakisema farasi, usitupe karatasi, soma namba zenyewe achana na zile herufi za pembeni.

Sasa tuje kwa umri wenyewe, na hapa namba nyingi za watoto zinatoka kwa farasi maana ndo waliopimwa sana, lakini mwelekeo kwa punda ni huohuo.

Mtoto anapozaliwa mwili wake umejaa homoni ya kotisoli, ndo inayomkomaza mapafu na matumbo saa za mwisho mwisho, na hiyo kotisoli inapandisha neutrofili inashusha limfosaiti. Kwa hivyo siku ya kwanza neutrofili zinatakiwa ziwe mara mbili ya limfosaiti au zaidi. Ukiona mtoto wa siku moja neutrofili na limfosaiti ziko sawasawa, mtu asiyejua atasema masha'Allah amebalansi, la hasha, huyo huenda amezaliwa kabla ya wakati mwili haujakomaa. Na jumla ikiwa chini ya 4,000 usingoje hata saa, mara nyingi ni maambukizi yameingia kwenye damu na neutrofili zimekwisha vitani kwa kasi kuliko uboho unavyotoa. Watu wanaogopa namba kubwa, kwa mtoto mchanga namba ndogo ndo ya kuogopwa.

Na hapa lazima niseme kuhusu dang'a, yaani yale maziwa ya kwanza mazito, manake bila hayo hesabu ya seli haina maana. Mtoto wa punda na wa farasi hupata kingamwili kidogo sana akiwa tumboni, kondo la nyuma la wanyama hawa halipitishi, anazaliwa mtupu. Kinga yote ya miezi ya kwanza inatoka kwenye dang'a, na tumbo lake linaweza kuipokea vizuri saa 6 hadi 12 za mwanzo, likifika saa 24 mlango umefungwa. Wale wanaonunua punda jike mwenye mimba ama aliyezaa juzi wajue hili. Kuna kipimo cha kingamwili cha IgG ambacho daktari hufanya siku ya pili, ikiwa juu ya miligramu 800 kwa desilita mtoto ameshiba kinga, ikiwa chini ya 400 hakupata. Kama pesa zako ni za kipimo kimoja tu na mtoto ana siku moja mbili, mimi nakwambia lipia hiki kabla ya hesabu ya seli nyeupe. Wallahi kitakufaa zaidi.

Baada ya hapo picha inageuka pole pole. Neutrofili zinatulia, limfosaiti zinapanda kila wiki kwa sababu mtoto anaanza kukutana na vijidudu, analamba ukuta, anakula mavi ya mamake (hilo ni kawaida, anajipandia bakteria wazuri wa tumbo, usimpige), anazunguka jalalani na wakubwa. Akifika miezi 3 hivi limfosaiti zimeshaifikia neutrofili ama zimeipita, na jumla huwa juu kuliko alivyozaliwa, 10,000 hadi 12,000 si ajabu. Halafu huo ndo wakati zile kingamwili za mama zinakwisha na zake mwenyewe bado hazijawa nyingi, kati ya mwezi wa pili na wa nne, na bahati mbaya ndo wakati wauzaji wengine humtoa mtoto kwa mamake mapema ili wamuuze. Kwenye mashamba ya farasi yenye ule ugonjwa wa mapafu wa bakteria Rhodococcus equi, watoto hupimwa seli nyeupe mara kwa mara na yeyote akipita 13,000 anawekwa kwenye uangalizi wa karibu, anapigwa picha ya mapafu hata kama bado anacheza. Kwa hivyo mtoto wa miezi mitatu mwenye 11,000 mchukue kama wa kawaida, mwenye 16,000 na kikohozi mwache kwa mwenyewe mpaka daktari amwone.

Mwaka mmoja hadi minne sina mengi. Limfosaiti bado ziko juu, jumla inaanza kushuka kidogo kidogo kuelekea ya punda mkubwa, na punda huyu kwa damu ndo mara nyingi anaonekana mzuri kuliko wote. Lakini damu nzuri haimaanishi mifupa imekomaa! Mifupa ya mgongo ndo ya mwisho kukomaa, ukimtwika shogi la mchanga akiwa na miaka miwili utamharibu na hakuna karatasi ya maabara itakayokuonyesha hilo. Meno ndo yatakwambia, meno mawili ya kati ya kudumu hutoka karibu miaka miwili na nusu, yanayofuata mitatu na nusu, ya pembeni minne na nusu, akijaza mdomo ni wa miaka 5. Muuzaji akisema huyu wa miaka mitano na meno ya pembeni bado ni ya utoto, basi umri huo si kweli.

Punda wa makamo, tuseme miaka 5 hadi 15, huyu ndo chati imeandikwa kwa ajili yake. Jumla kati ya 6,000 na 15,000, neutrofili kama 2,400 hadi 6,300, limfosaiti kati ya 2,200 na 9,600. Uzuri wa kumpima huyu ni kwamba namba zake hazisogezwi na umri, zikitoka nje ya mstari kuna sababu. Neutrofili zimepanda, tafuta kidonda, tafuta usaha kwenye kwato, angalia mdomo. Neutrofili zimeshuka ghafla chini ya elfu mbili na punda amesimama kichwa chini, hiyo mara nyingi ni tumbo, sumu za bakteria zinavuja kutoka kwenye utumbo na neutrofili zote zinakimbilia huko, na sisi huku tunajua punda wetu wanavyokula plastiki na kamba jalalani. Huyo si wa kununua, huyo ni wa kutibiwa leo.

Mzee sasa. Hapa naomba mtu asome taratibu manake ndo wengi wanapokosea, na pia ndo wanyama ninaowaonea huruma zaidi, wamefanya kazi maisha yao yote kwenye vichochoro hivi halafu wanauzwa bei ya chini ukingoni. Punda akitunzwa vizuri hufika miaka 30 na zaidi, kwa hivyo wa 20 si maiti. Lakini ile tezi ya thaimasi, iliyo kifuani na inayofundisha limfosaiti changa, ilishaanza kusinyaa tangu alipobaleghe, na kadiri miaka inavyokwenda limfosaiti mpya zisizowahi kukutana na adui zinakuwa chache, anabaki na zile za zamani zenye kumbukumbu. Utafiti kwa farasi wenye zaidi ya miaka 20 umeonyesha limfosaiti zao zimepungua, wanaitikia chanjo kwa unyonge kuliko vijana, na wakati huohuo mwili wao unakaa na uvimbe wa chini chini usioisha, yaani kinga inawaka kidogo kidogo muda wote. Kwa hivyo limfosaiti za mzee kuwa upande wa chini wa chati ni umri tu, usimkatae kwa hilo.

Ila zikishuka chini ya chati kabisa na neutrofili zikapanda juu, kama ile karatasi ya tatu, umri peke yake hauelezi. Hiyo ni picha ya mwili ulio kwenye dhiki, kotisoli iko juu, na kwa punda mzee kuna sababu kama nne za kutafuta kwanza: meno yaliyochongoka yanayomkata mashavu, kwato zenye maumivu, usaha uliojificha mahali, ama ule ugonjwa wa tezi ya pituitari unaowapata farasi na punda wazee, ambao huja na manyoya marefu yasiyopukutika, kiu nyingi na kwato zinazouma mara kwa mara. Punda haonyeshi maumivu kama farasi, mara nyingi hajigaragazi, anasimama tu na kunyamaza, anapunguza kula. Na punda akiacha kula siku mbili mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu na anaweza kufa kwa hayo mafuta kabla ya ugonjwa wenyewe. Kwa mzee kwa hivyo karatasi ya damu inasaidia kuliko kwa umri mwingine wowote, inasema yale ambayo yeye hasemi.

Sasa kuna watu watauliza na eosinofili je, si zinaonyesha minyoo. Usizitegemee. Punda anaweza kuwa na minyoo tele na eosinofili ziko kawaida, na mwingine zimepanda na minyoo hana. Kama hofu yako ni minyoo, mpe daktari kinyesi kibichi ahesabu mayai kwa hadubini, ni rahisi na jibu lake ni la moja kwa moja. Tena wachanga ndo hubeba zaidi kuliko wa makamo, kwa hiyo kwa punda wa chini ya miaka minne hicho kipimo ni cha lazima.

Kuhusu kutoa damu yenyewe, hapa makosa ni mengi kuliko kwenye kusoma. Punda aliyevushwa leo kwa boti kutoka Mokowe, ameteremshwa kwa kelele na kuvutwa masikio, damu yake inasema habari za safari. Dakika za mwanzo hofu inapandisha seli zote kwa pamoja, saa chache baadaye kotisoli inapandisha neutrofili na kushusha limfosaiti, unapata karatasi inayofanana na ya mzee mgonjwa wakati punda ni kijana mwenye hasira tu. Mwache apumzike siku moja, ikiwezekana mbili, apate maji na majani, kisha atolewe damu asubuhi kabla ya kazi. Mshipa ni ule mkubwa wa shingo, na daktari aliyezoea punda hutumia sehemu ya juu ama ya chini ya shingo kwa sababu katikati kuna msuli mnene unaufunika. Kichupa kiwe chenye kifuniko cha zambarau, ageuze taratibu mara kadhaa damu isigande, asitikise.

Na joto letu! Kichupa kikikaa kwenye jua gatini hapo ukisubiri boti, kisha basi mpaka Malindi au Mombasa, seli zinavimba na kupasuka njiani, mashine itahesabu takataka. Kiwekwe kwenye kasha la barafu kimefungwa kitambaa, kisiguse barafu yenyewe, na mwombe daktari apake tone la damu kwenye vioo viwili palepale vikaukie hapohapo, vioo hivyo vinasafiri vizuri na mtu wa maabara anaweza kuhesabu kwa jicho hata kama kichupa kimeharibika. Hapa mjini tumebahatika, Donkey Sanctuary, lile shirika la kutunza punda, wako Lamu tangu 1987 na ushauri wa wanaojua punda uko karibu, watu wa visiwa vya jirani wanasafiri kuufuata.

Basi nichague nani? Kama kazi ni ya mzigo, mchanga wa ujenzi, mawe, boriti, chukua wa miaka 5 hadi 12 mwenye neutrofili na limfosaiti zinazokaribiana ama limfosaiti zimezidi kidogo, jumla hata ikiwa 14,000 isikutishe kama anakula na kwato ni safi. Huyu bei yake iko juu lakini unalipia miaka kumi ya kazi. Mtoto mchukue kama una subira ya miaka minne na una chakula, umri ukiwa angalau miezi sita ameachishwa vizuri, na uulize alinyonya dang'a saa ngapi, muuzaji asiyejua hata kama mtoto alinyonya siku ya kwanza mimi simnunulii. Kama mtoto ana miezi mitatu na mamake yupo, bora uweke ahadi umwache anyonye mpaka wakati wake kuliko kumbeba sa hii kwa sababu karatasi imetoka nzuri.

Mzee wa miaka 18 kwenda juu anafaa kwa kazi nyepesi, kubeba ndoo za maji, nyasi, mtu kwenda shamba na kurudi, na bei yake usiifananishe na ya wa makamo hata akionekana amenona. Limfosaiti zake zikiwa 2,000 na kitu na neutrofili hazijapita 6,000, huyo kwa umri wake yuko vizuri, mchukue na umpe chanjo ya pepopunda mapema kwani kinga yake haikimbii kama zamani. Zikiwa kama za karatasi ya tatu, mwambie muuzaji meno na kwato zishughulikiwe kwanza, damu itolewe tena baada ya wiki mbili tatu. Neutrofili zikishuka na limfosaiti zikarudi kupanda, dhiki ilikuwa ya muda na mnaweza kuongea bei. Zikibaki vilevile na manyoya hayajapukutika, usimnunue kwa kazi yoyote, na umwambie mwenyewe waziwazi kwamba huyo anataka daktari, hataki shogi tena.